Maswali ya Wasomaji: Bustani ya Vipepeo Katikati ya Safari ya Kikazi

Barua tano tulizozichagua safari hii zimeandikwa na watu wasiofahamiana, lakini zote zinahusu jambo moja: mtu anayesafiri kwa kazi amesikia kwamba huko aendako kuna bustani ya vipepeo wa nchi za joto, naye anataka kujua kama saa chache alizo nazo zinatosha na azitumie vipi. Tumezifupisha barua hizo na kuzipanga kama msafiri huyo anavyokutana na maswali yenyewe, kuanzia siku anapopanga ratiba.

SWALI: Nitahudhuria mkutano wa siku mbili katika mji wenye baridi. Karibu na hoteli kuna nyumba kubwa ya kioo yenye vipepeo wa kitropiki. Vikao vinamalizika saa kumi jioni na bustani hufungwa saa kumi na moja na nusu. Je, saa moja na nusu hiyo inatosha? Mwenzangu ananiambia nisijisumbue, eti mahali hapo ni pa watoto. – Mhudhuria Mikutano

JIBU: Saa moja inatosha, ndugu msomaji, lakini si saa hiyo ya jioni. Wasafiri wengi wa kikazi huingia bustanini vikao vinapokwisha, wakakuta majani matupu, na wakatoka wakiamini kwamba vipepeo wenyewe ni wachache. Vipepeo huwa wapo, ila wamekwisha kutua mahali pao pa kulala.

Mwili wa kipepeo hautengenezi joto la kutosha kama wetu, bali hutegemea zaidi jua na hewa inayomzunguka. Misuli ya kurukia ya vipepeo wengi hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la kati ya nyuzi 28 na 38 za Selsiasi, na ndiyo maana asubuhi utamwona kipepeo ametulia juu ya jani, mabawa ameyatandaza kuelekea kwenye mwanga, akingoja misuli ipate joto kabla hajaondoka. Watunzaji wa nyumba za kioo huiweka hewa ya ndani kwenye nyuzi 24 hadi 29 hivi, yenye unyevu mwingi, lakini mitambo ya joto haiwezi kuchukua nafasi ya jua. Wingu likitanda, wengi hutua. Jua likirudi, bustani nzima huamka ndani ya dakika chache. Alasiri mwanga unapopungua, huanza kujipachika chini ya majani na kwenye vitawi vya juu, mabawa wameyafumba, na hapo hata jicho zoefu hupata shida kuwaona.

Kwa hiyo panga kwanza saa ya vipepeo, kisha tazama ni wapi katika ratiba yako saa hiyo inaweza kuingia. Mara nyingi nafasi nzuri haipatikani katika siku za mkutano zenyewe, bali siku ya kufika au ya kuondoka: ukiwa na ndege ya alasiri, acha mizigo mapokezi na uwe mlangoni bustani inapofunguliwa. Muda wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hasa siku yenye jua, ndio wenye uhai zaidi katika nyumba za kioo. Mahali penye joto, ambako bustani hufunikwa kwa wavu badala ya kioo, mambo hubadilika kidogo, kwa sababu jua la adhuhuri huwa kali hata kwa vipepeo nao hukimbilia kivulini. Huko asubuhi ndiyo bora. Uliza pia saa ya mwisho ya kuingia, maana bustani nyingi huacha kukata tiketi mapema kabla ya kufunga milango.

Asubuhi ina jambo jingine ambalo mgeni wa jioni hulikosa. Karibu kila bustani kubwa ina kabati au chumba chenye dirisha la kioo, ambamo pupa, yaani viwavi waliojifunga ndani ya ganda wakigeuka kuwa vipepeo, wametundikwa kwa safu kwenye vijiti, na wengi wao hufunguka asubuhi. Tafuta pupa ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba kiasi kwamba rangi za mabawa zinaonekana kutoka ndani. Huyo yu karibu kutoka. Ngozi hupasuka upande wa kichwa, miguu ikatangulia kushika ganda, kisha mwili mzima ukajivuta nje ukiwa mnene na wenye maji, huku mabawa yakiwa madogo na yamekunjamana. Kipepeo hujining'iniza chini ya ganda tupu na kuanza kusukuma majimaji ya mwili kwenye mishipa ya mabawa, nayo hutanuka taratibu mbele ya macho yako hadi yakanyooka. Ukisogea karibu zaidi utaona kwamba ule mrija wake wa kunyonyea bado ni vipande viwili vilivyotengana, naye anaukunja na kuukunjua tena na tena mpaka viungane kuwa mrija mmoja. Asipofanikiwa hapo, hatakunywa kitu maisha yake yote. Baadaye hudondosha tone la maji mekundu au ya kahawia. Wageni wengi hushtuka wakidhani ni damu, kumbe ni taka iliyokusanyika mwilini wakati wote alipokuwa pupa.

Ikiwa huna budi kwenda jioni, basi nenda ukimtafuta kipepeo-bundi wa Amerika ya Kati na ya Kusini, wa jenasi ya Caligo. Huyu mchana hutulia kwenye shina la mti, akionyesha doa kubwa mfano wa jicho upande wa chini wa bawa, na huruka zaidi alfajiri na magharibi. Jioni nzima inaweza kustahili kwa ajili yake peke yake.

Na mwenzako mwambie kwamba watoto huelewa haraka kuliko sisi, lakini bustani haikujengwa kwa ajili yao tu. Mtu mzima aliyetoka kukaa ukumbini siku mbili akitazama slaidi ana haja kubwa ya kukitazama kitu kimoja bila haraka. Usizunguke. Simama karibu na sinia la matunda yaliyoiva kupita kiasi, kaa hapo dakika kumi na tano, na umtazame mofo wa buluu akija kunywa. Akitua hufumba mabawa na kubaki rangi ya udongo yenye madoa ya duara, kiasi kwamba watu hupita hatua moja kutoka kwake wakiendelea kumtafuta. Akifumbua, rangi ya buluu hulipuka ghafla. Buluu hiyo haitokani na rangi iliyopakwa ndani ya vigamba vyake, bali na umbo la vigamba vyenyewe, vyenye matuta madogo mno yanayorudisha mwanga wa buluu kwa nguvu na kuuacha mwingine upotee, na ndiyo sababu hubadilika kadiri unavyosogeza kichwa.

SWALI: Nitatoka kikaoni moja kwa moja nikiwa na suti na begi la kompyuta mpakato. Nivae nini humo ndani? Nifanye nini ili miwani na kamera yangu visipate ukungu? Na je, nijipake dawa ya kufukuza wadudu? – Mwenye Miwani

JIBU: Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo zito: usijipake dawa ya kufukuza wadudu kabisa. Dawa hiyo imetengenezwa ili kuwadhuru au kuwafukuza wadudu, na kipepeo ni mdudu. Isitoshe, kipepeo huonja kwa miguu yake, kwa hiyo akitua kwenye mkono uliopakwa, ameigusa dawa kwa kiungo chake cha kuonjea. Mafuta ya kujikinga na jua nayo yaoshe mikononi kabla ya kuingia.

Koti liache mahali pa kuhifadhia mizigo pamoja na begi. Humo ndani utatoka jasho baada ya dakika tano, na jasho lenyewe huwavutia vipepeo wengine, hasa madume, kwa sababu ya chumvi iliyomo. Wakikutua ukosini au mkononi, tulia. Usiwashike mabawa kwa vidole, kwa maana yale mabawa yamefunikwa kwa vigamba vidogo kama vigae vya paa, navyo hubanduka na kubaki vidoleni mfano wa unga, havioti tena. Ukitaka aondoke, weka kidole mbele ya miguu yake naye atapanda mwenyewe, au mwite mhudumu. Na tazama unapokanyaga, kwa sababu vipepeo wengine hutua chini kunywa maji ya sakafuni, na wengi hufa chini ya viatu vya watu wanaotazama juu.

Ukungu hutokea pale kitu chenye ubaridi kinapokutana na hewa yenye joto na unyevu. Miwani itapata nafuu baada ya dakika chache. Kamera iache ndani ya mfuko wake uliofungwa kwa dakika 15 au 20 ili ipate joto polepole, na usibadilishe lenzi humo ndani hata kidogo. Kompyuta, kama ni lazima uingie nayo, iwe imezimwa na begi lifungwe. Usiiwashe mara tu utokapo, bali ngoja ukauke unyevu wowote uliojikusanya. Kuhusu picha, zima mwanga wa kamera, tumia kasi kubwa ya kilango cha kamera (shutter), na ulenge kutoka ubavuni ili bawa zima lilingane na lenzi. Mwenye simu asogee polepole na asimtupie kipepeo kivuli chake, maana kivuli ndicho kinachomtimua.

SWALI: Je, ni halali kutumia muda wa safari ya kikazi kwa matembezi kama haya? Bosi wangu ni mkali. – Mwenye Wasiwasi

JIBU: Muda usio wa kazi ni wako, ila safari yenyewe si yako. Mweleze msimamizi wako mapema, kwa sentensi moja, kwamba asubuhi ya kuondoka utapita mahali fulani na utafika uwanja wa ndege kwa wakati. Tiketi ilipie mwenyewe, na risiti yake usiichanganye na za kazi. Ukiongeza siku kwa ajili ya matembezi, uliza kama bima ya safari inakufunika siku hiyo. Usiondoke katikati ya kikao. Mpangilio huo ukiuzingatia, sioni la kukutia wasiwasi.

SWALI: Nilipenda sana nilichokiona, lakini nilitoka na dukuduku. Viumbe hao wametolewa wapi, na je, si ukatili kuwafungia? Pia dukani kwao kuna vipepeo waliokaushwa na kuwekwa kwenye fremu. Naweza kuwanunulia wanangu, au hata kuwapelekea pupa hai? – Mama wa Watoto Wawili

JIBU: Dada, swali hili ningependa kila mgeni wa bustani hizi alibebe mlangoni. Vipepeo uliowaona katika nchi ya baridi kwa sehemu kubwa hawakukamatwa porini wakiwa wakubwa. Walisafiri wakiwa pupa, kwa ndege, wakiwa wamefungwa kwa pamba ndani ya masanduku, na safari hiyo haina nafasi ya kuchelewa, kwa sababu pupa wa aina nyingi hufunguka baada ya wiki moja au mbili tu tangu kiwavi alipojigeuza. Kifurushi kikikwama ghalani siku chache, vipepeo hutokea gizani ndani ya sanduku, mabawa yakakosa nafasi ya kunyooka, na kazi yote ikapotea.

Sehemu ya pupa hao hulelewa na watu wetu. Mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 kwa wanakijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya, na makao yake yako Gede. Mfugaji huanza na majike wachache kutoka msituni, huwaweka ndani ya kizimba cha wavu pamoja na mimea ambayo aina hiyo hutagia, hukusanya mayai, hulisha viwavi majani mabichi kila siku huku akiwalinda dhidi ya sisimizi, mijusi na nyigu wanaotaga ndani ya miili yao, kisha huuza pupa. Kazi kama hiyo ilifanywa pia Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na Unguja kipo kituo cha vipepeo katika kijiji cha Pete karibu na msitu wa Jozani. Faida yake kwa msitu ni ya moja kwa moja: mimea ya kulishia viwavi na vipepeo wazazi hutoka humo, kwa hiyo mti uliosimama huanza kumlipa jirani yake bila kukatwa.

Siwezi kusema kwamba mpango huu hauna udhaifu. Mfugaji wa kijijini hutegemea soko lililo mbali ambalo hana sauti nalo. Tanzania iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016, wafugaji wa Usambara Mashariki walipoteza soko lao mara moja, ingawa katazo lile halikuwalenga wao. Hata hivyo, msimamo wangu ni kwamba bustani inayonunua pupa kwa watu wanaoishi jirani na misitu ina manufaa kuliko madhara, na mgeni ana haki ya kuuliza: pupa wenu hutoka wapi, na hulipwa nani? Bustani iliyo safi haitaficha jibu, na mara nyingi utalikuta limeandikwa ukutani karibu na lile kabati la pupa.

Kuhusu kufungiwa, kumbuka kwamba vipepeo wengi waliokomaa huishi wiki mbili hadi nne tu, hata porini. Wapo wa jenasi ya Heliconius, ambao pamoja na mbochi wa maua hula chavua yenye protini, nao wanaweza kuishi miezi kadhaa. Na yupo nondo mkubwa wa atlasi kutoka Asia, mwenye mabawa yanayoweza kufikia sentimita 24 kutoka ncha hadi ncha, ambaye hana kinywa cha kulia, huishi kwa akiba aliyoiweka alipokuwa kiwavi, na hufa baada ya siku chache. Humo ndani hakuna ndege wa kuwadonoa wala ukame, na chakula kipo. Ukatili ninaoujali mimi ni wa aina nyingine: banda lenye msongamano, matunda yaliyokauka kwenye masinia, vipepeo wengi wenye mabawa yaliyochanika yasiyotokana na uzee, na wageni wanaoruhusiwa kuwashika. Ukiviona hivyo, sema na msimamizi, na tiketi nyingine usinunue.

Pupa hai usimchukue kwa hali yoyote. Kiwavi ni mla majani, na nchi nyingi humweka kipepeo mgeni katika kundi la wadudu waharibifu wa mimea. Marekani, kwa mfano, huwezi kumwingiza bila kibali cha wizara ya kilimo. Ile milango miwili unayopita mmoja baada ya mwingine ukitoka, na vile vioo vya kujitazama mgongoni, havikuwekwa kwa urembo. Geuka mbele ya kioo, kung'uta kofia, chungulia ndani ya mkoba na chini ya kola; kipepeo mmoja anayetoka na mgeni katika mji wa baridi atakufa usiku uleule, na katika mji wa joto anaweza kuanza kizazi mahali pasipo pake.

Waliokaushwa wana sheria zao. Baadhi ya vipepeo wakubwa wanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na yule mkubwa kuliko wote duniani, Ornithoptera alexandrae wa Papua New Guinea, yumo katika orodha ya kwanza ya mkataba huo, ambayo hairuhusu biashara ya kimataifa ya viumbe waliotolewa porini. Muuzaji akishindwa kukuambia jina la aina na mahali ilikotoka, au akisita kukupa karatasi zake, iache fremu ukutani. Mimi ningewapelekea watoto picha ulizopiga mwenyewe, kisha ningewatafutia mlimau au mchungwa. Viwavi wa Papilio demodocus, kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano anayepatikana karibu Afrika yote kusini mwa Sahara, hukaa kwenye majani ya miti hiyo: wakiwa wachanga hufanana na kinyesi cha ndege, wakikua huwa wa kijani, na wakiguswa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Watoto wataweza kuwafuatilia siku baada ya siku pale walipo, bila kuwahamisha na bila kibali cha mtu.

SWALI: Sina muda wa kutoka uwanja wa ndege. Nina saa sita za kungoja Singapore kati ya ndege mbili. Nimesikia kuna vipepeo humo humo. Ni kweli? – Mpita Njia

JIBU: Ni kweli. Bustani ya vipepeo ya uwanja wa Changi ipo ndani ya jengo la tatu, lililofunguliwa mwaka 2008, katika eneo la abiria wanaobadilisha ndege, kwa hiyo huhitaji kupita uhamiaji, na kiingilio hakuna. Ina ghorofa mbili na maporomoko madogo ya maji. Kama ndege yako inatua jengo jingine, fuata alama za kuhamia jengo la tatu.

Ikiwa utafika usiku, kula na ulale kwanza, kisha uingie kunapopambazuka, kwa sababu hata bustani iliyo ndani ya uwanja wa ndege inafuata mwanga wa jua. Hewa ya ukumbini ni baridi na ya bustanini ni ya joto, hivyo yale niliyomwambia Mwenye Miwani kuhusu kamera yanakuhusu nawe. Na utakapohesabu muda wa kurudi, kumbuka kwamba katika jengo hilo ukaguzi wa usalama hufanyika kwenye lango la kupandia ndege lenyewe, wala si mahali pamoja mwanzoni. Ondoka bustanini ukiwa umejiachia muda wa kutembea na muda wa kupanga foleni.